Grafu yangu ya Avrami haifanani na ya maabara: je, nibadili mbinu ya uigaji?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya vifaa. Nimeandika programu ya Monte Carlo (uigaji wa kubahatisha), ile modeli ya Potts ambapo metali inagawanywa kuwa seli na kila seli inabeba namba ya punje yake, kuiga jinsi shaba nyekundu iliyopitishwa kwenye rola ikiwa baridi inavyoota punje mpya (fuwele mpya) inapopashwa moto tanuruni. Kimia changu, yaani gridi ya seli, ni cha dimensheni mbili, seli 1,000 kwa 1,000, kila seli ina upana wa mikromita 1, majirani wanane, joto la kimia sifuri. Viini vyote naviweka mwanzoni, nimevitawanya kwa nasibu, na nishati iliyobaki ndani ya metali nimeiweka sawa kila mahali. Grafu ya Avrami, ile ya sehemu iliyogeuka dhidi ya muda kwa vipimo vya logi, inatoa mstari ulionyooka na kipeo (mteremko) 2. Maabara, kwa kupima ugumu, napata kipeo 1.3 na mstari unalala kuelekea mwisho. Msimamizi wangu anasema nihamie uga wa fezi (mpaka wa punje unachukuliwa kama ukanda laini unaofuata mlinganyo), mwenzangu anasema otomata ya seli (kila seli inageuka kwa kanuni kulingana na majirani zake). Nimsikilize nani? Na hatua moja ya Monte Carlo ni sawa na sekunde ngapi?

JIBU: Marahaba. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Kipeo 2 hakikutoka kwenye shaba, wala hakikutoka kwenye Monte Carlo. Kimetoka kwenye mambo matatu uliyoyaamua mwenyewe kabla ya kuiendesha programu: dimensheni mbili, viini vyote mwanzoni, nishati sawa kila mahali. Yahamishie hayo matatu kwenye otomata ya seli, utapata 2. Yahamishie kwenye uga wa fezi, utapata 2 tena, safari hii baada ya kuisubiri kompyuta kwa muda mrefu zaidi.

Hili lilishafanyiwa hesabu kwa kalamu zamani. Kolmogorov mwaka 1937, Johnson na Mehl mwaka 1939, na Avrami kati ya 1939 na 1941 walionyesha kwamba viini vikitawanyika kwa nasibu na kukua kwa kasi isiyobadilika, sehemu iliyogeuka ni X = 1 − exp(−ktⁿ), t ikiwa muda, k kigawo kisichobadilika, na n kile kipeo chako. Viini vyote vikiwepo tangu mwanzo, n ni idadi ya dimensheni: 2 kwenye bapa, 3 kwenye mchemraba. Vikiendelea kuzaliwa kwa kasi ileile muda wote, ongeza 1. Programu yako imefanya mtihani ambao majibu yake yalishatoka, na imefaulu. Si jambo dogo, kwa sababu sasa unajua msimbo hauna kasoro kubwa, na grafu hiyo inastahili nafasi katika sura ya uhakiki ya tasnifu yako. Lakini kuhusu shaba haijakuambia chochote.

Tena pengo lako ni kubwa kuliko unavyodhani. Sampuli ya maabara ina dimensheni tatu. Ukikata uso wake na kuung'arisha, eneo la punje mpya kwenye uso huo linakupa kwa haki ujazo wa punje mpya ndani ya sampuli, lakini mwendo wa mabadiliko unabaki kuwa wa dimensheni tatu. Kwa hiyo 1.3 usiilinganishe na 2. Ilinganishe na 3, yaani kile ambacho modeli yako ingetoa ikiwa mchemraba.

Sasa kwa nini metali halisi inashuka kiasi hicho? Tuanze na nishati yenyewe. Rola inajaza metali dislokesheni, yaani kasoro za mstari katika mpangilio wa atomi. Shaba iliyotulia ina kama 10¹⁰ hadi 10¹² kwa kila mita mraba. Iliyopondwa sana inafika 10¹⁵ au zaidi. Nishati ya ujazo ni takriban nusu ya Gb²ρ, G ikiwa ukinzani wa metali dhidi ya mkato, b urefu wa hatua moja ya dislokesheni, na ρ wingi wa dislokesheni. Chukua G ya shaba kuwa gigapaskali 45, b nanomita 0.256, ρ 10¹⁵, utapata kama megajouli 1.5 kwa mita ya ujazo, ambayo ni sawa na msukumo P wa megapaskali 1.5 juu ya mpaka wa punje. Nishati hiyo ni kidogo mno: kuiyeyusha shaba hiyohiyo kunadai karibu mara elfu moja zaidi.

Udogo huo una matokeo yake. Mpaka wa kawaida wa punje za shaba unagharimu nishati γ ya kama jouli 0.6 kwa mita mraba. Kiini cha duara hakiwezi kukua mpaka nusukipenyo chake kizidi 2γ/P, yaani 1.2 kugawanya kwa milioni 1.5, jibu mikromita 0.8. Hakuna mtikisiko wa atomi unaoweza kukusanya kwa bahati tufe la ukubwa huo. Ndiyo maana watu wa fani hii waliacha zamani kukihesabu kiini cha punje mpya kama wanavyohesabu kiini cha barafu ndani ya maji. Kiini hapa ni kijipunje kilichokuwepo tayari ndani ya metali iliyopondwa, ambacho kilibahatika kuwa kikubwa kuliko wenzake na kuwa na mpaka wa pembe kubwa upande mmoja (mielekeo ya fuwele pande zake mbili inatofautiana sana), mpaka unaotembea. Beck na Sperry walieleza mwaka 1950 namna moja ya jambo hili, pale mpaka wa zamani unapojitokeza kwa tumbo kuingia upande wenye dislokesheni nyingi.

Kama kiini kilikuwepo tayari, basi mahali pake si pa nasibu. Viini hujipanga kwenye mipaka ya punje za zamani, kwenye mikanda ya mkato (ambako metali iliteleza kupita kiasi), na kuzunguka chembe ngumu zenye ukubwa wa mikromita moja na kuendelea, kama zipo. Hapa ndipo kipeo kinapoanza kuanguka. Viini vilivyosongamana kwenye mstari mmoja hukutana mapema, vikafunga safu, na baada ya hapo safu nzima inaweza tu kusonga mbele kwa upande wa unene. Cahn alifanya hesabu hii mwaka 1956: viini vikishajaza nyuso za mipaka, n inaelekea 1, hata kama sampuli ni ya dimensheni tatu. Kwa hiyo 1.3 yako si takwimu ya ajabu hata kidogo. Ningeshangaa kama ungeniletea 3.

Sababu ya pili ni nishati isiyolingana. Punje moja ya zamani inapondeka kuliko jirani yake kwa sababu mielekeo yao ya fuwele inatofautiana kwa rola. Punje mpya zinakula kwanza sehemu zenye nishati nyingi, kwa kasi kubwa. Mwishoni zinabaki sehemu zenye nishati kidogo, na kasi inashuka. Huko ndiko kulala kwa mstari wako. Mwaka 1989 Rollett, Srolovitz, Doherty na Anderson waliiga metali iliyopondeka bila ulinganifu kwa Monte Carlo, mbinu ileile unayotaka kuiacha, na mteremko wa Avrami ukashuka kama inavyoonekana maabara. Sababu ya tatu ni ahueni: wakati punje mpya zinakua, dislokesheni katika sehemu ambazo hazijafikiwa zinafutana zenyewe, hivyo msukumo unapungua kadiri muda unavyokwenda. Kwenye alumini jambo hili ni zito sana. Kwenye shaba ni jepesi zaidi, lakini lipo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubadili hali ya kuanzia. Piga picha ya sampuli yako iliyopondwa, kabla haijaingia tanuruni, kwa hadubini ya elektroni inayosoma mwelekeo wa fuwele nukta kwa nukta. Tofauti ya mwelekeo kati ya nukta na jirani zake inakupa kadirio la dislokesheni, na kadirio hilo ligeuze kuwa nishati ya kila seli. Si kadirio kamili, kwa sababu linaona tu dislokesheni zinazopinda fuwele na kuzikosa zile zinazofutana, lakini kwa kutofautisha penye nishati nyingi na penye nishati kidogo linatosha. Viini uvipande pale ramani inapoonyesha mpaka wa pembe kubwa ukitenganisha nishati mbili zinazotofautiana sana. Idadi yake usiibuni: tumia ukubwa wa punje mwishoni. Kama maabara inakupa wastani wa mikromita 20, mraba wako wa milimita 1 unahitaji viini 2,500 hivi. Shaba ina tabia ya kuota mapacha mengi (vipande vya fuwele vilivyo kama picha ya kioo ya punje yenyewe) ndani ya punje mpya, kwa hiyo amua mapema kama mipaka ya mapacha unaihesabu, kisha fanya vivyo hivyo kwenye picha na kwenye uigaji. Nimeona tasnifu ambazo upande mmoja uliyahesabu na mwingine haukuyahesabu.

Hapo utakuwa karibu kumaliza, isipokuwa modeli yako, kama ilivyo sasa, haitaziona tofauti za nishati unazoiwekea. Fuata hesabu hii taratibu.

Kwenye Potts kuna gharama mbili. J ni bei ya jozi moja ya majirani wasiofanana, na H ni nishati ambayo seli iliyopondwa inaachilia ikigeuka. Kwenye kimia cha mraba chenye majirani wanane, mpaka ulionyooka una jozi tatu zisizofanana kwa kila urefu wa seli moja: moja ya ana kwa ana na mbili za mshazari. Kwa hiyo 3J inasimama badala ya γa², na H inasimama badala ya Pa³, a ikiwa upana wa seli. Gawanya, utapata H/J = 3Pa/γ. Weka takwimu zako: P milioni 1.5, a mikromita 1, γ 0.6. Jibu ni 7.5.

Sasa tazama seli iliyo mbele ya mpaka ulionyooka. Ina majirani watatu waliogeuka na watano ambao bado. Ikigeuka, jozi zisizofanana zinatoka tatu kwenda tano, gharama 2J, faida H. Hata seli yenye bahati mbaya kuliko zote, inayogusa punje mpya kwa kona moja tu, gharama yake ni 6J. Kwenye joto la kimia sifuri kila mgeuko unaoshusha nishati unakubaliwa kwa uwezekano wa 1, uwe umeshusha kidogo au sana. Maana yake, H ikishapita 6J, kila seli inayogusa punje mpya inakubali kugeuka kila inapochaguliwa, na mpaka unakwenda kwa kasi ileile hata ukiongeza nishati mara kumi. Kati ya 2J na 6J kasi inabadilika, lakini kwa ngazi ngazi, haiwi sawia na nishati. Chini ya 2J mpaka ulionyooka unaganda kabisa mpaka utokee mkono wa kushikia, yaani kidato kwenye mpaka huo. Metali haifanyi hivyo. Kwenye metali kasi v = MP, M ikiwa wepesi wa mpaka kusogea: msukumo mara mbili, kasi mara mbili. Wewe uko 7.5, yaani ndani ya eneo la kasi moja. Ungeweka ramani nzuri ya nishati, ukapata karibu mstari uleule, ukasema msimamizi alikuwa na haki.

Dawa ipo na si kubwa. Badala ya kukubali kila mgeuko unaoshusha nishati, kwa seli iliyopondwa inayogusa punje mpya ukubali kwa uwezekano (MP ya hapo) kugawanya kwa (MP kubwa kuliko zote kwenye kimia). Mpaka kati ya punje mpya na punje mpya uuache chini ya kanuni ya kawaida ya Potts. Mseto wa namna hii, wa otomata na Monte Carlo, Rollett na Raabe waliuchapisha mwaka 2001. Mistari ya msimbo ya kubadilisha ni michache.

Kama umegundua, hapo tayari umeingia kwenye otomata ya seli kwa mlango wa nyuma, na mwenzako ataridhika. Hesselbarth na Göbel walitumia otomata kwa tatizo hilihili mwaka 1991, na faida yake kuu ni kwamba kila seli inabeba takwimu halisi: nishati, mwelekeo, wepesi wa mpaka. Udhaifu wake ni kwamba haijui mpindo wa mpaka isipokuwa umeuongeza mwenyewe. Kwa kazi yako sioni shida. Punje yenye nusukipenyo cha mikromita 10 inasukumwa na mpindo kwa megapaskali 0.12, ukilinganisha na 1.5 ya dislokesheni. Mpindo unakuwa na sauti baada ya sehemu zilizopondwa kwisha, punje kubwa zinapoanza kumeza ndogo. Jihadhari tu na umbo: majirani wanne wanazaa punje za almasi, wanane wanazaa za mraba. Uwezekano wa nasibu niliokuambia unapunguza pembe hizo.

Uga wa fezi mimi naupenda, na msimamizi wako hajakosea kuuheshimu. Mpindo, makutano ya mipaka mitatu, mipaka ya bei tofauti, vyote vinajitokeza vyenyewe kutoka kwenye mlinganyo mmoja. Kama swali lako lingekuwa jinsi punje zinavyokua baada ya kuota, ningekuambia uanze huko leo. Lakini kwa nishati kubwa ya kupondwa una kizuizi cha kiasi. Mpaka kwenye modeli hiyo ni ukanda wenye unene η, na ukanda huo unahitaji nukta kadhaa za gridi, tano au zaidi, ili usikwame. Umbo la ukanda linabaki salama ikiwa P mara η ni ndogo kuliko γ. Kwa shaba yako, η ya mikromita 1 inatoa 1.5 dhidi ya 0.6, ukanda unararuka. Ukiishusha hadi mikromita 0.2 unapata 0.3, bado ni nusu ya γ, na gridi tayari iko kwenye nanomita 30 au 40. Mraba wa milimita 1 kwa nanomita 30 ni nukta zaidi ya bilioni moja, nasi tungali kwenye bapa. Kwa kufuatilia kiini kimoja kinavyotoka kwenye mpaka wa zamani, mikromita chache kwa chache, ni chombo bora. Kwa kipeo cha Avrami cha sampuli nzima, ni kutoboa karatasi kwa keekee.

Sekunde. Hatua moja ya Monte Carlo ni majaribio mengi kama idadi ya seli, basi. Haina sekunde ndani yake, na joto la kimia si joto la tanuru. Ukitumia kanuni ya uwezekano niliyokupa, muda unapatikana wenyewe: seli yenye kasi kubwa kuliko zote inavuka upana wake kwa muda a/(MP), na hiyo ndiyo hatua yako. Tuseme kasi hiyo ni mikromita 2 kwa sekunde na seli ni mikromita 1: hatua ni nusu sekunde. Hakiki kigawo hicho kwa kuweka mpaka mmoja ulionyooka kwenye kimia kitupu na kuhesabu unasonga seli ngapi kwa hatua 100, kwa sababu mpangilio wa majirani unaongeza kipengele chake kidogo.

Kinachobaki ni M, na hapa usichukue namba kwenye jedwali la mtu mwingine. Uchafu wa sehemu chache kwa milioni unaning'inia kwenye mpaka na kuupunguzia mwendo kwa kiasi kikubwa sana, na shaba yako si shaba yake. Chagua joto moja la tanuru, rekebisha M mpaka muda wa kufikia nusu ya mabadiliko ulingane na maabara, kisha ifunge. Kwa joto la pili na la tatu badilisha M kwa exp(−Q/RT) pekee, T ikiwa joto, R kigawo cha gesi, na Q (nishati ya kuamsha mwendo) ukiwa umeipata kutoka kwenye majaribio yako ya kushuka kwa ugumu, na usiguse kingine chochote. Joto hizo mbili ndizo jaribio la kweli la modeli. Ile ya kwanza uliirekebisha kwa mkono, haihesabiki.

Kuhusu upande wa maabara nina shaka moja. Kipimo cha ugumu hakitofautishi ahueni na punje mpya. Ugumu unaposhuka kwa ahueni mwanzoni, wewe unaandika X ambayo haipo bado, na mchoro wa logi ya logi unakuza kosa hilo vibaya sana kwenye ncha ya chini. Hilo peke yake linaweza kulaza mteremko. Pia hesabu muda ambao sampuli inachukua kufikia joto la tanuru. Kwa kipande kinene na mabadiliko ya dakika moja au mbili, muda huo unaharibu nukta zote za mwanzo. Chukua sampuli tatu au nne, moja kabla ya nusu na moja karibu na mwisho zikiwemo, uzipime kwa hadubini ileile ya mwelekeo, ambapo punje mpya inajulikana kwa sababu mwelekeo ndani yake haubadiliki. Kama X za hadubini zikikupa 1.3 hiyohiyo, endelea. Zikikupa 1.8, nusu ya tatizo lako haikuwa kwenye kompyuta.

Ukishaweka ramani na kanuni mpya, endesha kwanza kwa bapa hilohilo, halafu mchemraba mdogo wa seli 200 kila upande. Seli ni milioni 8, kompyuta ya kawaida inazimudu. Ramani ya bapa haikupi mchemraba, kwa hiyo kwa mchemraba utalazimika kujenga punje za bandia zenye mgawanyo uleule wa nishati na mipaka. Punje za zamani zipanue kuelekea upande wa rola kama zilivyo kwenye sampuli, maana zikiwa duara eneo la mipaka kwa kila ujazo linapungua, viini vinakaa mbali zaidi, na kipeo kitapanda tena bila sababu ya kimetali.